Aliyeshona Kitambaa cha Meza

Fundi hakuwa mwanamke wa kuchekacheka, na mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, kwa hivyo Mungu akatuweka ukuta mmoja. Pale sokoni Giakanja bucha yangu ilikuwa mkono wa kulia, veranda yake ya kushonea mkono wa kushoto, na kati yetu palikuwa na mbao tu, zenye tundu la ukubwa wa yai. Nikimwambia mteja kwamba ng'ombe niliyemchinja alfajiri alikuwa na mafuta ya kujaza mapipa manne, sauti ilitoka tunduni: "Bucha, toa inchi mbili."

Mimi watu waliniita Bucha, yeye tulimwita Fundi. Jina lake halisi nalijua vizuri, kwa sababu siku moja niliwahi kuliandika mahali ambapo sikupaswa kuliandika peke yake. Hapa sitaliandika.

Toa inchi mbili ndiyo iliyokuwa hukumu yake juu ya kila kitu. Mwanasiasa alipokuja kutuahidi lami, hospitali na maji ya mfereji, vyote kabla ya mvua ndefu, Fundi alikata uzi kwa meno akasema atoe inchi mbili. Kanisani alinyamaza, lakini mhubiri akizidisha moto wa jehanamu nilimwona akishika tepu yake ya kupimia. Tepu ile ilikaa shingoni mwake kutoka asubuhi hadi jioni, Jumapili pia. Namba za kumi hadi kumi na saba zilikuwa zimefutika kwa vidole vyake, na hakuna aliyewahi kuvaa nguo iliyokosewa kwa sababu hiyo.

Kusoma hakujua. Mimi mwenyewe nilijifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru, tulipokuwa tukikalia viti vya watoto wa darasa la kwanza huku magoti yakigusa masikio. Nilimshawishi aje tuhitimu pamoja. Alikuja jioni moja, akamtazama mwalimu akiandika ubaoni, akaondoka kabla hatujamaliza irabu. Alisema mistari ya mwalimu inapanda kama njia ya Wamagana, na mtu asiyeweza kunyoosha mstari asimfundishe mtu kitu. Vipimo vya wateja wake aliviweka kwa mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, nyuzi mia tatu zikining'inia ukutani kama ndevu za mzee. Haya, sitini. Fundo la kiuno changu alilisogeza kila mwaka bila kusema neno, na hilo lilinikera kuliko kama angesema.

Sasa, siku hizo, miaka ya kwanza ya uhuru, kulikuwa na kijito kimoja ambacho mbuzi angekiruka bila kufikiri, na kijito hicho kilitenga mataifa mawili. Juu ya barabara palikuwa na kanisa letu la Kiprotestanti. Ng'ambo palikuwa na la Wakatoliki. Sisi tuliwaita watu wa ng'ambo, nao walituita watu wa ng'ambo, na kila mmoja alijua ng'ambo ni wapi. Shule zilikuwa mbili, zimetazamana kama majogoo, kila moja na choo chake cha harambee. Watoto wetu walitembea upande wa juu wa barabara, wao upande wa chini, na mvua ikinyesha matope yakatelemkia upande wa chini, wazee wetu walisema hiyo ni ishara. Ng'ombe wetu wakilia, ng'ombe wao hawakuitika.

Mimi niliyaona haya kwa nyama. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama, na ndizo siku ambazo watu wetu walinunua kuliko siku zote, hata wasio na meno, wakaichomea nje ya mlango mahali ambapo upepo huelekea kijitoni. Ikifika Pasaka wa ng'ambo walikuja kununua maini bila salamu, macho mekundu kwa moshi na hasira. Mazishi nayo yalikuwa hivyo hivyo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebatizwa huku na mwingine kule, walimzika mama yao wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi kama timu za mpira, kila upande ukiimba wimbo wake kwa sauti ya kuufunika wa wenzao. Sikuongeza kitu hapo. Nilikuwepo, nikiimba.

Veranda ya Fundi ndipo mahali pekee ambapo pande hizo ziligusana, na ziligusana kwenye msumari. Kaptura za kijani za shule yetu na za kahawia za shule yao zilitundikwa pamoja. Vitambaa vya kichwa vya akina mama wetu vililala juu ya marinda ya akina mama wao. Kanzu ya padri ililetwa hapo kushonwa pindo. Na kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana, kile kinachotandazwa kanisani kwetu mara nne kwa mwaka tunaposhiriki mkate na kikombe, alikishona yeye, akakifua yeye, akakipiga pasi ya makaa yeye, na mwanamke mwingine akikinyooshea mkono aliulizwa kama amenawa.

Usidhani basi kwamba alikuwa mpatanishi. Alikuwa Mprotestanti kuliko wazee wa kanisa. Rozari aliiita shanga. Pombe hakutaka hata kuisikia ikitajwa, na suruali ya mlevi hakuishona kiraka cha goti. Aliikagua kwanza. Alisema goti la mtu anayelima huchakaa katikati, na goti la mtu anayeanguka huchanika kando, na wanaume wazima walitetemeka huku wakisubiri hukumu ya magoti yao. Padri, mzee mnene aliyejua Kikuyu kuliko mimi, alipokuwa akipimwa kanzu, Fundi alimwambia na pini mdomoni, "Baba, hii pindo yako nitanyoosha. Hii maneno ya kuomba watakatifu ndiyo siwezi kunyoosha." Padri alicheka mpaka pini zikadondoka. Fundi aliziokota moja moja, hakucheka.

Alikuwa na mabaya yake pia. Vipande vya kitambaa vilivyobaki hakumrudishia mtu. Aliweka sikio kwenye tundu letu siku nzima, kisha akasema yeye hasikilizi mambo ya watu. Na akishakukasirikia, alikukasirikia kwa miaka, kimya kimya, huku akikushonea vizuri.

Mume wake alikuwa amefariki zamani, na mtoto alikuwa mmoja tu, Nyambura. Msichana huyo alisoma akapata kazi ya ukarani katika ghala la mchele huko Wang'uru, Mwea, na huko akapata mchumba, Mkatoliki kutoka utosini hadi kwenye soli za viatu. Kijana alipokuja na watu wake na mbuzi wao, Fundi alimuuliza maswali mawili. La kwanza kama anakunywa pombe, akajibu hapana. La pili anaomba kwa nani. Kijana akasema anaomba kwa Mwana, ila humpitia mama kwanza, kama alivyompitia yeye leo. Fundi alinisimulia jibu hilo kupitia tundu siku iliyofuata, na ndiyo mara pekee niliyosikia sauti yake ikikaribia kicheko.

Lakini wazee wa kanisa letu walikuwa na sheria. Mshiriki anayekwenda kwenye arusi katika altare ya ng'ambo amekubali mafundisho ya ng'ambo. Atatengwa na Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya kanisa aseme anajuta. Kuwashonea wa ng'ambo ilikuwa kazi, na kuwauzia nyama ilikuwa biashara. Kuketi nao arusini ndiyo ilikuwa dhambi. Fundi alishona gauni la Nyambura kwa wiki sita pale verandani, mbele ya macho ya kila mtu, na wazee walipita wakalisifu. Kisha akapanda lori kwenda kuliona likivaliwa.

Tulikwenda wanne kutoka kanisa letu, kwenye lori la mchele lililokuwa likirudi Wang'uru tupu: Fundi, akina mama wawili wa kikundi chao, na mimi. Mimi nilikuwa nimepeleka nyama, au ndivyo nilivyojitayarisha kusema. Ningeweza kuishusha nyama jikoni nikasubiri nje. Niliingia. Kengele ndogo ilipolia nilipiga magoti, kwa kuwa kila mtu alipiga na tumbo langu halipendi kuonekana peke yake. Halafu tukala wali wa Mwea, ule unaonukia ukiwa bado barabarani. Nilikula mpaka mshipi ukaniomba ruhusa.

Habari ilifika Giakanja kabla ya lori. Alhamisi iliyofuata Fundi aliitwa mbele ya baraza la wazee, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Nilikuwa mzee wa kanisa mimi pia, tena karani. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko. Ngumbaru ilinipa herufi kubwa zenye mikia kama mikia ya tausi, na baraza lilijivunia kitabu chake. Kwa hivyo nilikuwa nimekaa mwisho wa meza na kalamu mkononi, nyama ya arusi ikiwa bado katikati ya meno, mwenyekiti alipomuuliza Fundi alikwenda na nani.

"Nilienda na lori," Fundi akasema.

"Na nani walikuwa ndani ya lori?"

"Mchele walikuwa wameshusha. Haikuwa na kitu."

Hakunitazama. Kama angenitazama ningesema. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Alitazama dirisha, na vidole vyake vilikuwa pale ambapo namba za tepu zimefutika.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba jambo hili ni dogo, ni dakika moja tu: asimame Jumapili, aseme anajuta, yaishe. Fundi akasema, "Mwenyekiti, hawa wa ng'ambo wamekosea. Hiyo najua kukushinda. Lakini Nyambura si makosa. Nikisema najuta kumwona akiolewa, atasikia, hata huko mchele uliko."

Basi nikaandika. Niliandika jina lake kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na mbele yake, ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Mwenyekiti akasifu mwandiko.

Kesho yake nilisogeza mdomo kwenye tundu nikamwambia asante, Fundi. Cherehani ikanyamaza. "Bucha," akasema, "nyama yako leo iko na nzi." Cherehani ikaendelea.

Waliotengwa walikuwa na benchi yao, ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Wengine walikaa hapo kama abiria wa kituoni, leo wapo kesho hawapo. Kulikuwa na mzee mmoja wa kunywa pombe ya muratina aliyetubu kila robo ya mwaka, akalia machozi ya kweli, akashiriki, akarudi kwenye muratina Jumamosi iliyofuata. Tulimpenda sana. Toba yake ilikuwa na mpangilio. Fundi ndiye aliyekaa bila kutikisika. Ikikaribia Meza, Jumamosi alipiga pasi kitambaa, Jumapili alifika wa kwanza akakitandaza, akapima kwa tepu ili kining'inie sawa pande zote, kisha akaenda benchi ya nyuma. Mkate ulipofunuliwa alitoka nje pamoja na akina mama wenye watoto wachanga wanaolia, akaketi kwenye jiwe karibu na tangi la maji. Ibada ikiisha aliingia akakikunja, akaenda nacho.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha kikombe, na mkono wangu, sijui kwa nini, ulikuwa ukimwaga. Kila baada ya Meza, Jumatatu, kitambaa kilitokea mbele ya bucha yangu kimeshikwa kwa vidole viwili, doa la zabibu likinitazama. Alihakikisha nimeliona, kisha akalipeleka kwenye beseni.

Watu walimsihi. Nyambura mwenyewe alikuja kutoka Wang'uru na mtoto mgongoni, akamwambia, "Mama, sema tu hayo maneno, mimi sitaumia." Fundi akamjibu kwamba huyo aliye mgongoni ataumia, akikua akaambiwa nyanya yake aliomba msamaha kwa ajili ya arusi iliyomleta. Wale akina mama wawili wa lori, mmoja alihamia Nyahururu, mwingine alikufa akiwa mshiriki mwema, akasifiwa kwenye mazishi kwa saa mbili. Mimi niliendelea kuwa karani. Siku moja nilikuwa nikimwambia mteja kwamba maskini Fundi amekosa Meza mara mia mbili. Tunduni ikatoka sauti: "Arobaini na tisa."

Ilifika hamsini na sita. Miaka kumi na minne. Hapo macho yake yakakataa kuona tundu la sindano, na Nyambura akaja akamchukua kwenda kukaa naye. Kabla ya kuondoka alishona kitambaa kipya cha Meza kwa kupapasa, na nilikipima kwa siri. Kilikuwa sawa. Zile nyuzi za mafundo aliwagawia wenyewe. Wangu ninao.

Halafu tukaletewa mchungaji kijana, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, aliyekuwa bado akijifunza Kikuyu na kututamkia vibaya majina yetu yote. Akauliza benchi ile ya nyuma ni ya nani, mbona imelainika mahali pamoja tu. Tulikohoa, wazee wote, kama watu waliokula pilipili. Mwenyekiti akaeleza sheria. Kijana akauliza ni nani kati yetu ana mkwe Mkatoliki, na mikono ikapanda minne, wa mwenyekiti ukiwa wa kwanza. Maana wakati tulipokuwa tukilinda kijito, watoto walikuwa wamekivuka. Sheria ilifutwa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Nikaagizwa kuandika barua. Nikaomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta Wang'uru ameketi nje ya nyumba, mbele yake turubai la mchele ulioanikwa, fimbo ndefu mkononi ya kufukuzia ndege. Tepu shingoni. Alinitambua kwa hatua.

"Bucha, umenenepa."

"Kidogo tu, Fundi."

Nyambura alileta chai, na mkwe alikuja kunisalimia kwa mikono miwili kisha akarudi ghalani. Nilimuuliza Fundi anasali wapi siku hizi. Akasema Jumapili huenda na wajukuu kanisani kwao, hukaa nyuma, na wakianza kupanga mstari wa kushiriki yeye hutoka nje. Kule alikatazwa, na huku si kwake. Alisema amezoea, na mawe ya Wang'uru yana joto kuliko yale ya Giakanja. Akafukuza ndege.

Nikamwambia nina barua ya baraza. Akaniambia nisome. Nikasoma kwa sauti yangu ya kanisani. Baraza la wazee limemsamehe dada yetu, jina lake, kwa kosa la kuhudhuria arusi, na limemrudisha kwenye Meza ya Bwana.

"Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Jina liko moja?"

"Moja."

Alinyoosha mkono nikampa. Akaikunja mara mbili, akaisawazisha pembe kwa kidole gumba, akanirudishia. "Mimi sikuomba msamaha," akasema. "Na kwa lori hatukuwa mmoja. Rudisha. Mkishamaliza kusema vile ilikuwa, mniite, nitakuja. Barua sitaki."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya kumwambia mteja kwamba koti halijaiva, arudi Ijumaa. Mimi nilitazama mchele. Ndege walitua na hakuwafukuza, alikuwa akisubiri. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Jumapili nitasimama. Nitawaambia wote kuwa nami nilikuwa ndani ya lori. Nitasema niliingia kanisani, nilipiga magoti, na nilikula.

"Utasema ulikula nini?"

"Wali," nikasema. "Nilionja tu, Fundi. Sahani moja."

"Ongeza mbili."

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa, nikasema yote, na sahani nikasema tatu. Vijana walicheka, hawakujua hata ni kosa gani. Meza iliyofuata yule mkwe Mkatoliki alimleta Fundi kwa gari la mchele, akamshika mkono mpaka benchi ya mbele, akaenda kumsubiri nje, kwenye jiwe la karibu na tangi. Nilimletea Fundi kikombe. Nilikishika kwa mikono yote miwili, na bado tone moja lilidondoka ukingoni mwa Meza, mbele yake. Akalipapasa kwenye kitambaa kwa kidole, akalipata, kisha akanywa.